Shule ya Bure ya Wayahudi Mjini London

Muhula uliopita Mwalimu wetu wa Historia alitugawia kazi ya kusoma habari za nchi hii tunayokaa, kila mmoja sehemu yake. Mimi nilipewa mashauri ya mwaka 1903, wakati Serikali ya Kiingereza ilipowaambia viongozi wa Wayahudi kwamba iko tayari kuwapa sehemu ya uwanda wetu wa Uasin Gishu wawe na makao yao. Nilidhani itakuwa kazi ya siku mbili. Lakini kitabuni nilikutana na jina la Israel Zangwill, mwandishi wa hadithi, ambaye mashauri yale yalipokataliwa na Wayahudi wenzake mwaka 1905 alijitenga nao, akaunda chama chake cha kutafuta nchi mahali po pote duniani. Chini ya jina lake iliandikwa kwamba alisoma, na baadaye akafundisha, katika Jews' Free School ya London, yaani Shule ya Bure ya Wayahudi.

Nilisimama hapo kwenye neno "bure." Mimi ni mmoja wa wale wanaosomeshwa kwa basari, na msomaji aliyewahi kurudishwa nyumbani kutafuta karo atajua kwa nini neno hilo lilinishika. Nikauacha uwanda, nikaifuata shule. Mwalimu alicheka, akasema, "Umetumwa shamba umekwenda darasani. Haya, lakini utuletee kitu." Hiki ndicho nilicholeta.

Kwanza yafaa tujue Wayahudi hao walifikaje London. Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Uingereza mwaka 1290, na kwa muda wa miaka zaidi ya mia tatu na hamsini hawakuruhusiwa kukaa huko kwa wazi, mpaka mwaka 1656, siku za Oliver Cromwell, walipoachiwa kurudi. Walitangulia wafanyabiashara, wakafuata maskini kutoka Ujerumani, Uholanzi na Poland. Mwaka 1732 Sinagogi Kuu ya London ikaanzisha darasa dogo la kuwafundisha Torati watoto yatima. Wenzetu wanaotoka pwani hawana haja ya kuelezwa zaidi, kwa maana kwao iko vivyo hivyo: palipo na msikiti pana chuo, na mtoto wa maskini hukaa mkekani pamoja na mtoto wa tajiri.

Darasa hilo dogo ndilo lililogeuka kuwa Shule ya Bure mwaka 1817. Sababu ya kuikuza haikuwa kupenda elimu peke yake. Chama cha Kikristo kilichoundwa mwaka 1809 kwa kusudi la kuwahubiria Wayahudi kilikuwa kimefungua shule isiyo na ada, na maskini wa Kiyahudi walianza kupeleka watoto wao huko. Wakubwa wao wakaona kwamba wasipojenga shule yao wenyewe, watapoteza watoto. Basi wakajenga. Walifuata mtindo wa siku zile uliobuniwa na Bell na Lancaster: mwalimu mmoja huwafundisha watoto wakubwa, na hao wakubwa huwagawanya wadogo mafungu mafungu na kuwafundisha. Kwa njia hiyo mwalimu mmoja aliweza kusimamia mamia ya watoto kwa mshahara mmoja. Viranja wetu wakisoma hapa wasivimbe kichwa. Kiranja wa zamani kazi yake ilikuwa kufundisha hesabu, si kuandika majina ya wapiga kelele.

Miaka michache baadaye shule ilihamia njia nyembamba iitwayo Bell Lane, katika Spitalfields, upande wa mashariki wa mji, karibu na soko la Petticoat Lane ambako Wayahudi maskini walikuwa wakiuza nguo kuukuu, mitumba kama tusemavyo sisi. Hapo ilikaa zaidi ya miaka mia moja. Katika miaka ya 1850 Serikali ilianza kutoa msaada wa fedha kwa shule za Wayahudi kama ilivyokuwa ikitoa kwa shule za Wakristo, lakini mzigo mkubwa ulibaki juu ya matajiri wa Kiyahudi wenyewe, na wa kwanza wao walikuwa ukoo wa Rothschild, wenye benki. Ukoo huo haukulipa waalimu tu. Watoto waligawiwa nguo na buti, na wenye njaa walipewa chakula cha asubuhi kabla ya masomo. Buti hizo nimezifikiria sana. Mtoto asiye na viatu katika baridi ya London haendi shule, hata mwalimu awe hodari namna gani. Aliyetoa buti alijua hivyo kuliko wengi wanaotoa vitabu.

Kisha likaja jambo lililoijaza shule pomoni. Mwezi wa Machi mwaka 1881 Tsar Alexander wa Pili wa Urusi aliuawa kwa bomu. Fujo zikaanza, watu wakawavamia Wayahudi katika miji mingi ya kusini mwa Urusi, wakavunja nyumba na maduka yao, na mwaka uliofuata Serikali ya Urusi ikatoa sheria za kuwabana zaidi. Toka hapo mpaka mwaka 1914 Wayahudi wapatao 2,000,000 waliihama Ulaya ya Mashariki. Wengi walikwenda Marekani, lakini zaidi ya 100,000 walibaki Uingereza, na wengi wa hao walishuka bandarini London wakaenda kwa miguu mpaka Spitalfields na Whitechapel, ambako palikuwa na mtu wa kijiji chao aliyetangulia, na cherehani, na chumba cha kulala watu sita.

Kufikia mwaka 1900 shule ya Bell Lane ilikuwa na watoto zaidi ya 4,000, wavulana na wasichana. Ilisemekana kwamba hapakuwa na shule kubwa kuliko hiyo duniani, na inakadiriwa kwamba katika miaka ishirini ya mwisho ya karne ile mtoto mmoja katika kila watatu wa Kiyahudi wa London alipita katika mlango wake. Sisi hapa tuko mia saba na kitu, na msomaji anajua foleni ya githeri ilivyo siku ya Jumatano. Jaribu kufikiri foleni ya buti ya watoto elfu nne.

Nataka sasa mtazame jambo moja ambalo mwanafunzi wa bweni aweza kulipita bila kuliona. Shule ile ilikuwa ya kutwa. Sisi tukiingia langoni mwezi wa Januari twabaki humu mpaka likizo, na maneno ya nyumbani twayaacha huko nje pamoja na nguo za nyumbani. Mtoto wa Bell Lane alirudi kwao kila jioni. Ijumaa za majira ya baridi, ambapo jua la London huzama kabla ya saa kumi za jioni, watoto hawakuwa na budi kuwahi nyumbani kabla ya Sabato kuingia. Siku nyingine wengi wao, wakitoka shule, walikwenda tena kwa mwalimu wa dini katika chumba cha uani, kwa sababu wazazi waliotoka Urusi na Poland hawakuridhika na dini iliyofundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kila siku mtoto alitoka katika lugha moja asubuhi, akarudi katika lugha nyingine usiku. Shule ilikuwa na saa zake, na mama alikuwa na saa zake.

Lugha ya nyumbani iliitwa Kiyidishi. Si Kiebrania. Kiebrania ni lugha ya Torati na sala. Kiyidishi kilizaliwa katika Kijerumani cha kale, kikachukua maneno mengi ya Kiebrania na ya lugha za Kirusi na Kipoli, nacho huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Mtu asishangae. Kiswahili chetu nacho ni lugha ya Kibantu iliyochukua maneno mengi ya Kiarabu, na kwa karne nyingi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wako waliosema Kiswahili si lugha bali ni mchanganyiko. Na wako waliosema hivyo hivyo juu ya Kiyidishi, hata Wayahudi wenyewe, nao wakubwa wa shule ya Bell Lane walikuwa miongoni mwao.

Mwalimu Mkuu aliyeijenga sifa ya shule hiyo aliitwa Moses Angel. Alishika kazi mwaka 1842, akaiacha mwaka 1897, yaani miaka hamsini na mitano katika shule moja. Waalimu wengi wa shule nyingine za Kiyahudi walifundishwa kazi na yeye. Nilimpenda nilipoanza kusoma habari zake, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema hakuwajali maskini. Kisha nikafika mahali ambapo alieleza hali ya watoto wanaoletwa shuleni. Alisema kwamba hawakujua hata mwanzo wa matamshi, na kwamba mpaka wafanywe Waingereza, au wafanywe watu, ilikuwa vigumu hata kuijua tabia yao. Nilirudia sentensi hiyo mara mbili nikidhani nimekosea. Kwake yeye kumfanya mtoto Mwingereza na kumfanya mtu vilikaa pamoja katika pumzi moja, na mtoto huyo alikuwa wa kabila lake mwenyewe. Aliyemfuata katika kiti, Louis Abrahams, naye aliwasihi wazazi waache kusema Kiyidishi nyumbani ili wasiharibu kazi ya shule.

Hapa ndipo ninapomrudia Zangwill, aliyenileta. Alizaliwa London mwaka 1864, wazazi wake wakiwa wametoka katika nchi za Tsar. Alisoma Bell Lane, akawa mwalimu hapo hapo, na mwaka 1884 akapata shahada ya Chuo Kikuu cha London huku akifundisha. Shule haikuwa na mfano bora kuliko yeye. Lakini kijana huyo, pamoja na rafiki yake, aliandika kijitabu cha kuchekesha juu ya maisha ya sokoni, na ndani yake akawaacha watu wa sokoni waseme kama wanavyosema, kwa Kiyidishi chao. Kijitabu kikauzwa sana. Wakubwa wa shule wakakasirika. Walikuwa wamefanya kazi miaka mingi kuificha lugha ile, na sasa mwalimu wao ameianika barabarani. Wakamtaka asichapishe tena kitu cho chote ambacho wao hawakukipitia. Baadaye aliacha kufundisha, na mwaka 1892 akatoa hadithi yake kubwa juu ya Wayahudi maskini wa London, iitwayo Children of the Ghetto, iliyomfanya ajulikane Uingereza na Marekani. Maneno ya Kiyidishi ni mengi humo hata ikabidi kuwekewa orodha ya maana zake. Nadhani Waingereza walioisoma walijifunza maneno ambayo watoto wa Bell Lane walikuwa wakikatazwa.

Nitasema sasa kwa nini mambo haya yaliniuma, nami naomba radhi kwa kujitia katika historia ya watu wengine.

Katika shule ya msingi niliyosoma, ambayo sitaitaja, palikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Mwanafunzi aliyesikiwa akisema lugha ya kwao alivikwa shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenziwe, na wa mwisho kuwa nacho jioni alipigwa. Mimi nilikuwa hodari. Nilivikwa mara mbili tu, katika darasa la pili. Baada ya hapo niliacha kabisa kusema Kinandi, hata nyumbani, ili ulimi usizoee. Baba na mama walifurahi kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa safi, na wao kwa wao mjini walisema Kiswahili. Aliyebaki ni nyanya, mama yake baba, ambaye hajui lugha nyingine. Akinisemesha nilimwelewa nusu, nikamjibu kwa Kiswahili, naye akaelewa robo.

Mwaka juzi, katika likizo, nyanya aliugua, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumpeleka zahanati ila mimi. Muuguzi alikuwa mwema, ametoka magharibi, hajui Kinandi. Akaniambia, "Kijana, muulize nyanya yako maumivu yako wapi na yakoje." Wapi, niliweza. Yakoje, nyanya alijibu kwa neno moja. Nikamwomba alirudie. Akalirudia polepole, akinitazama machoni, kama mtu anayemlisha mtoto. Sikulijua. Watu walikuwa kwenye benchi wakitusikiliza. Mwisho mama mzee aliyekaa karibu, mtu asiyetuhusu, akasema kwa Kiswahili, "Anasema maumivu hayatulii, yanahama, yakitoka hapa yanakwenda pale." Muuguzi akaandika. Nyanya akamshukuru yule mama. Mimi hakuniambia neno. Tulirudi nyumbani kimya.

Basi niliposoma juu ya Moses Angel sikuweza kumsoma kama mtu wa mbali.

Lakini nataka nimtendee haki, kwa maana nimebishana na nafsi yangu na na rafiki zangu bwenini juu yake, na wengine wako upande wake. Hoja yao ni hii. Mtoto asiyejua Kiingereza katika London ya mwaka 1890 alikuwa na kazi moja tu iliyomngoja, nayo ni kukaa penye cherehani kama baba yake toka alfajiri mpaka usiku katika chumba kisicho na hewa. Tena Waingereza wengi walikuwa wakilalamika juu ya wageni hao, na mwaka 1905 Bunge likapitisha sheria ya kuwazuia maskini wa nchi nyingine wasiingie. Mwalimu Mkuu aliyeona mambo hayo yanakuja alikuwa na haraka. Na matunda yalionekana. Selig Brodetsky aliletwa kutoka Ukraine akiwa mtoto wa miaka mitano. Alipita Bell Lane, na mwaka 1908 akashika nafasi ya kwanza, pamoja na mwenziwe mmoja, katika mtihani mkuu wa Hesabu wa Cambridge. Samuel Gompers aliingia shule hiyo akiwa na miaka sita, akatolewa akiwa na miaka kumi kwa sababu ya umaskini, akajifunza kusokota sigara. Familia yake ikahamia New York mwaka 1863, na mwaka 1886 akawa rais wa kwanza wa shirikisho kubwa la vyama vya wafanya kazi wa Marekani. Miaka minne tu ya shule! Mwenzangu wa kitanda cha juu aliniambia, "Wewe ungependa abaki na lugha yake akashone suruali?" Sikuwa na jibu usiku ule.

Nimelipata baadaye, nami naliandika hapa ili alisome. Shule ile haikuwa imewataka watoto waache kila kitu. Ilifunga Jumamosi, ilifundisha Kiebrania, ilishika sikukuu zote. Wakubwa wake walikaa wakachagua: hiki tutakishika, hiki tutakitupa. Walichoshika ni kile ambacho hata Mwingereza msomi alikiheshimu, kwa sababu Kiebrania ni lugha ya Agano la Kale, nacho kimo katika vyuo vikuu. Walichotupa ni kile kilichotoka jikoni. Kujifunza Kiingereza hakukuhitaji kukitupa. Watoto wale walikuwa tayari na lugha mbili, na wengine tatu, kabla hawajafika miaka kumi. Ya nne isingewapasua kichwa. Kilichohitaji kukitupa ni aibu ya matajiri, walioogopa kwamba Waingereza wakiwatazama maskini wa Bell Lane watawakumbuka na wao walikotoka. Hayo ni maoni yangu. Mwalimu ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba nimewakalia matajiri vibaya, kwa kuwa ndio waliotoa buti. Ni kweli walizitoa, nami nimekwisha kuzisifu.

Habari zilizobaki nitazipitia upesi. Baada ya mwaka 1900 shule za Serikali ziliongezeka, na Wayahudi waliopata nafuu walihama Spitalfields wakaenda vitongoji vyenye hewa, hata idadi ya watoto ikapungua. Vita vilipoanza mwaka 1939 watoto walipelekwa mashambani Cambridgeshire, katika mji wa Ely na vijiji vya jirani, mbali na mabomu. Ilikuwa busara, kwa sababu jumba la Bell Lane lilipigwa kwa mabomu likaharibika kabisa. Katika vita hivyo hivyo Wayahudi wapatao 6,000,000 waliuawa na Wajerumani wa Hitler na wasaidizi wao, na wengi wa hao waliouawa walikuwa wasemaji wa Kiyidishi. Vijiji ambako wazazi wa watoto wa Bell Lane walitoka, na ambako mtu angeweza kuirudia lugha yake akiitamani, vikawa havina tena mtu wa kuisema. Moses Angel hakuweza kuyajua hayo. Hakuna aliyeweza.

Shule ilifunguliwa upya mwaka 1958 huko Camden, kaskazini mwa mji, na mwaka 2002 ikahamia Kenton, upande wa kaskazini-magharibi. Sasa hujulikana kwa herufi tatu tu, JFS, wavulana na wasichana wapatao 2,000 husoma pamoja, na fedha zake hutoka Serikalini. Si shule ya maskini tena. Waombaji ni wengi kuliko nafasi. Jambo hilo la nafasi ndilo lililoifikisha mahakamani, nayo ni kesi ambayo ningependa Klabu yetu ya Midahalo iichukue. Kijana mmoja alinyimwa nafasi. Baba yake ni Myahudi. Mama yake hakuzaliwa Myahudi bali aliingia dini hiyo, tena katika sinagogi ambayo ofisi ya Rabi Mkuu haikuikubali kuwa ya njia iliyonyooka. Na kwa sheria ya Kiyahudi mtoto hufuata upande wa mama. Basi ofisi ya Rabi Mkuu ikasema kijana huyo si Myahudi, ingawa nyumbani kwao walishika dini. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza, iliyokuwa imefunguliwa miezi michache tu, na tarehe 16 Desemba mwaka 2009 majaji tisa wakakata shauri, watano dhidi ya wanne, kwamba kumpima mtoto kwa ukoo wa mama yake ni kumbagua kwa asili yake, na sheria ya mwaka 1976 ilikataza. Majaji walisema wazi kwamba hawakuwaona wakubwa wa shule kuwa watu wabaya. Toka hapo shule haipimi damu. Hupima kama mtoto huenda sinagogi na kushika mambo ya dini.

Wengine bwenini walisema hukumu hiyo ni ya haki, wengine wakasema Serikali haina ruhusa ya kuwaambia watu nani ni mwenzao. Mimi nilichoona ni mzunguko. Shule ilianza kwa kuogopa kwamba watoto wake watavutwa nje. Ikaja siku watu wakasimama mlangoni wakidai waingizwe, na swali likawa mtoto wa mama gani. Na hakuna aliyeuliza mama huyo husema lugha gani nyumbani, kwa maana swali hilo lilikuwa limekwisha zamani.

Yale mashauri ya uwanda wetu, ambayo ndiyo niliyotumwa, hayakufika po pote. Wajumbe watatu waliletwa kuukagua, wakarudi, na mwaka 1905 mkutano wa Wayahudi ukaikataa zawadi. Katika mwaka ule ule, mwezi wa Oktoba, Waingereza walimwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi. Nimesoma yale niliyoweza kupata juu ya mashauri hayo, wala sikuona mahali ambapo wenye nchi waliulizwa neno lo lote, kwa lugha yo yote.

Likizo ya Agosti nilinunua daftari la kurasa 96 nikaenda kwa nyanya. Asubuhi nilimsaidia kukamua, na mchana tulikaa kivulini yeye akisema, mimi nikiandika. Hucheka sana ninavyotamka. Nimefika maneno 212. Neno la zahanati liko ukurasa wa kwanza, nalo nimeliandika kwa namna tatu, kwa sababu sijui bado ni herufi zipi hasa, na nyanya hakwenda shule.